Wasioweza Wahesabiwe Kabla ya Bei ya Uji

Swali la wiki lilikuwa hili: "Ada imefutwa, wazazi na walimu wafanye nini ili watoto wa darasa moja wapate haki sawa shuleni?" Jibu langu linaanzia jikoni. Mchango wa uji upangwe upya, na mtoto ambaye kwao hawana cha kutoa aingizwe kwenye hesabu kabla bei haijatangazwa.

Elimu bila malipo ilianza Tanzania Januari 2016, na serikali hutoa ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 ni za vitabu na 6,000 ndizo za shule yenyewe. Zigawe kwa siku 194 za masomo, unapata shilingi 31 kwa siku, na humo mna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na michezo. Uji haumo. Kwa hiyo wazazi huchangia, na hapo ndipo darasa linapogawanyika. Saa nne waliolipa wanakwenda kwenye sufuria, wasiolipa wanabaki kwenye madawati wakijifanya wanamalizia hesabu. Mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri, akaachwa na daladala mbili kwa sababu nauli yake ni ya mwanafunzi, hawezi kushika kitu kichwani kipindi cha saa tano.

Chukua shule ya wanafunzi 600. Kikombe cha mililita 350 kinahitaji unga gramu 60 na sukari gramu 15. Kwa siku ni unga kilo 36, sukari kilo 9 na maji lita 210. Serikali imezitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, kwa hiyo piga hesabu ya gesi: kilo 4 hivi kwa siku, yaani mtungi wa kilo 38 unakwenda siku tisa. Bei weka za sokoni kwenu. Kwa mfano huu unga ni 1,600 kwa kilo, sukari 3,000, gesi 15,000 kwa siku, wapishi wawili 20,000, na maji, chumvi na sabuni 3,400. Jumla ni 123,000 kwa siku, sawa na 205 kwa mtoto. Kwa siku 20 za mwezi ni 4,100.

Kosa linafanyika hapa. Kamati inatangaza 4,100 kwa kila mtoto, wengine hawalipi, na wiki ya tatu unga umekwisha. Mwalimu mkuu anabanwa, anaanza kuwarudisha watoto nyumbani wakadai kwa wazazi. Lakini tangu mwanzo ilijulikana kwamba wapo wasioweza! Ikiwa ni mmoja katika kila watano, wanaobaki kulipa ni 480. Gharama ya mwezi, 2,460,000, igawe kwa hao: ni 5,125. Tangaza 5,200. Mzazi anayeweza anaongeza 1,100 kwa mwezi, shilingi 55 kwa siku, na watoto wote 600 wanakunywa. Nyongeza hiyo ielezwe waziwazi mkutanoni, ni ya nini na ni ya nani. Wazazi wa Dar es Salaam wanachangia misiba na harusi kila mwezi. Wakioneshwa hesabu kamili wengi huielewa.

Njia ya idhini inajulikana: kamati ya shule, mkutano wa wazazi, muhtasari uliosainiwa, afisa elimu kata, hadi kwa mwenye mamlaka ya kutoa kibali. Msiiruke, maana mchango usio na kibali ndio unaomponza mwalimu mkuu.

Kumtambua asiyeweza ni kazi ya watu wazima. Mwalimu asiulize darasani "nani baba yake hana kazi?" Mtendaji wa mtaa anazijua kaya zilizo kwenye mpango wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, mwalimu wa malezi anawajua wanaolelewa na bibi na ambao mama yao amelazwa. Orodha ishikwe na watu wawili tu, mwalimu huyo na mwenyekiti wa kamati, na ipitiwe upya kila muhula. Kodi ya nyumba ikiisha, familia inahama Mbagala kwenda Chanika katikati ya mwaka, na mtoto wa uhamisho huwa hayumo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Kwenye ubao wa matangazo bandika fedha zilizoingia, zilizotumika na magunia yaliyobaki. Majina ya wasiolipa yasibandikwe kamwe.

Fedha ziingie kwenye akaunti ya shule, si mkononi mwa mwalimu wa darasa. Na mama anayeuza vitumbua hana 5,200 kwa mkupuo. Ana 1,300 kila Ijumaa. Mruhusuni alipe kwa wiki, apewe risiti.

Foleni nayo ina mambo yake. Kadi za waliolipa zifutwe. Shule ikisema kila mtoto aje na kikombe chake, atakayekosa kikombe ni yuleyule aliyekosa mchango. Nunueni vikombe 40 vya akiba vinavyofanana na vya wengine. Mpishi awe na upawa mmoja wa kipimo. Akikadiria kwa macho, madarasa ya mbele yanapata vikombe vya kufurika, sufuria inapungua, anaongeza maji, na wa mwisho wanakunywa maji meupe yenye joto. Waanze wa awali na darasa la kwanza, kwa sababu wakubwa wanajua kusukumana. Mtoto wa kiti mwendo asisukumwe kwenye mchanga hadi jikoni: apelekewe uji, na jirani yake wa dawati anywe naye. Kiziwi haisikii kengele. Mwenzake apewe jukumu la kumgusa bega.

Kwa mwezi mnahitaji unga kilo 720, magunia 15 ya kilo 50. Yapangwe juu ya chaga, mbali na ukuta. Kwa unyevu wa pwani, gunia lililolala sakafuni huvunda, na mahindi yenye ukungu yana hatari ya sumukuvu, ambayo kuchemsha hakuiondoi. Stoo iwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwalimu na mmoja kwa mzazi, na unga upimwe kwa mizani kila asubuhi mbele ya wote wawili.

Shule yenye zamu mbili ipike mara mbili, kilo 18 kila zamu ikiwa idadi zinalingana, na gesi iongezwe kidogo. Wa mchana wanadhaniwa wamekula kwao, lakini wengi wamewaacha wazazi sokoni tangu asubuhi na hawajatia kitu mdomoni. Kiporo cha uji wa saa nne si haki yao.

Kisha fungueni daftari la mahudhurio. Linganisheni wiki ya kukusanya mchango na wiki nyingine za mwezi. Watoto wakipungua wiki hiyo, yupo mtu bado anawadai wao badala ya wazazi wao, na mkutano unaofuata uanze na jambo hilo.