Kazi huendeshwa, zana je?

Swali: Ninaandika mwongozo wa CASA, programu ya kuchakata data za darubini za redio. Ina kazi na ina zana. Je, vyote viwili "huendeshwa"? Na ni sawa kuandika "kazi inaendesha"?

Jibu: La pili ni jepesi. "Endesha" ni kauli ya kutendesha ya "enda", nayo inadai shamirisho: inaendesha nini? Andika "kazi inaendeshwa", au "kazi ingali inaendelea" kama haijaisha. "Tekeleza" kiachie kompyuta: mtumiaji huendesha kazi, kompyuta hutekeleza amri.

Zana haziendeshwi. Kazi kama listobs, inayotoa muhtasari wa data, ni shughuli nzima: unaipa vigezo, unavikagua kwa inp, unaianzisha kwa go, nayo inakwenda yenyewe hadi mwisho. Zana kama tb, ile ya majedwali, hukaa ikingoja, nawe unaziita amri zake moja moja: tb.open kufungua jedwali, tb.getcol kusoma safuwima, tb.close kufunga. Zana hutumiwa. Ukimwambia msomaji "endesha tb", atachapa tb, abonyeze Enter, na data zake zisiguswe kabisa.

Angalia pia upatanisho. "Kazi" na "zana" zote ni za ngeli ya I-ZI, hivyo sentensi kama "kazi hii hutumia zana ya majedwali, ikikwama, ianzishe upya" haisemi kipi kianzishwe. Rudia nomino, hata kama sentensi itakuwa nzito kidogo.

Lakini neno litakalokuletea taabu kubwa zaidi hukuliuliza, nalo ni "funga". Jedwali lililofunguliwa kwa tb linaweza kubaki na kufuli, yaani kizuizi kinachowazuia wengine kuliandika, hadi uite tb.close, na kazi nyingine inayotaka kuliandika ikabaki inasubiri. Mwongozo ukisema "kazi imekwama kwa sababu jedwali limefungwa", msomaji ataelewa kinyume, maana kazi imekwama kwa kuwa jedwali halijafungwa! Tenganisha mambo haya mawili katika mwongozo mzima: "funga" iwe ya tb.close peke yake, na kufuli ipewe maneno yake, "tia kufuli" na "ondoa kufuli". Sentensi sahihi ni hii: "Jedwali limetiwa kufuli, lifunge kwa tb.close(), kisha endesha kazi tena."

"Fungua" nayo ina mtego wake. Usipoagiza vingine, tb.open hufungua jedwali kwa ajili ya kusoma tu; anayetaka kubadilisha data lazima aongeze nomodify=False. Kwa hiyo usiishie kwenye "fungua jedwali". Andika "fungua jedwali ili kusoma" au "fungua jedwali ili kuandika", na majina ya amri na vigezo yabaki kama yanavyochapwa, herufi kwa herufi.