Kabla hamjasoma majina, piteni kijiweni

Mwaka 2022, habari za Panya Road, yale magenge ya vijana waporaji, ziliporudi midomoni mwa watu hapa Dar es Salaam, mtaani kwetu Mbagala tulipiga kura ya siri kuwataja wahalifu. Boksi la biskuti likatobolewa juu, kila mtu akadumbukiza kikaratasi chake. Nilikuwa kwenye kamati ya ulinzi, nikasaidia kuhesabu. Jina moja lilijirudia sana: kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwangu, analala mchana kutwa, anatoka saa nane usiku. Ushahidi wote ulikuwa huo. Difenda ya polisi ilipokuja kumchukua haikumkuta, maana saa hizo alikuwa soko la Feri anashusha samaki, kazi aliyokuwa nayo mwaka wa pili sasa. Kijiweni wote walilijua hilo. Sisi tuliohesabu kura hatukuwauliza, na mkutanoni hakuwepo hata mmoja wao wa kutusahihisha.

Mama yake alikaa miezi bila kunisalimia. Sikumlaumu.

Kwa hiyo nikiwashauri wenyeviti, wajumbe na maafande wa kata namna ya kuwashirikisha vijana kwenye ulinzi wa mtaa, nashauri kama mtu aliyekosea kwanza.

Anzeni na saa. Sisi tulikuwa tunaitisha mkutano Jumamosi saa nne asubuhi. Saa hiyo bodaboda yuko barabarani, machinga yuko Kariakoo, fundi yuko saiti. Halafu tunarudi nyumbani tukilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawapendi mikutano! Tulipokwenda wenyewe saa mbili usiku, pale pale kituo cha bodaboda, walikaa kutusikiliza, wengine hata hawajashuka kwenye pikipiki. Kisheria huo si mkutano mkuu wa mtaa, lakini tulichokubaliana tulikipeleka kwenye mkutano mkuu kama ajenda, kikaingia kwenye muhtasari. Muhtasari msiudharau. Kijana akisikia hoja yake inasomwa mbele ya wazee, safari ijayo anakuja na mwenzake.

Jingine, na hapa niliharibu kwa mkono wangu: msimuulize kijana mbele za watu, "Nani anaiba?" Nilimuuliza mmoja hivyo, kesho yake wenzake wakamwita mchomaji, yaani msaliti, hakutia mguu tena. Ulizeni wapi na saa ngapi. Wazee tulikuwa tunapanga doria saa sita usiku hadi saa tisa, kwa sababu tu sungusungu tuliyoikuta ilikuwa hivyo. Vijana wakacheka. Wakatuambia vibaka wa kwetu usiku wa manane wamelala kama watu wengine. Wanangojea saa kumi na moja alfajiri, kwenye uchochoro wa kuelekea stendi, akina mama wanapowahi daladala na hela ya mtaji imefungwa kwenye khanga. Tukasogeza doria. Mwenye nyumba ya pembeni akakubali taa iungwe kwenye luku yake, mita ya umeme, nasi tukawa tunamchangia umeme. Simu hazikuacha kuporwa mtaani, lakini uchochoro ule ukapitika.

Tangu Said Mwema alipokuwa IGP, mkuu wa Jeshi la Polisi, kuanzia 2006, polisi jamii, yaani polisi na wananchi kulinda pamoja, imekuwa wimbo wetu. Tatizo, kijana anakabidhiwa filimbi na rungu, maamuzi yanabaki kwa waliokaa kwenye viti. Mwacheni aulize hata ya hela. Kwetu kila kaya ilitoa shilingi 2,000 kwa mwezi za ulinzi, na kijana wa kwanza kuuliza zinakwenda wapi tulimwita mkorofi. Siku hizi mapato na matumizi yanabandikwa ubaoni, na anayezunguka kukusanya hafokewi tena mlangoni.

Wapo pia wasio na kura kabisa. Mkutano mkuu wa mtaa ni wa wakazi wa miaka 18 na kuendelea, na kugombea uongozi wa mtaa ni mpaka ufikishe 21. Lakini wanaosimamishwa na doria na kupekuliwa mifuko wengi ni wa miaka 15 au 16. Hao tuliwatengea siku yao, wazazi wawili wakiwepo. Afande wa kata tulimwomba aje kwa miguu. Difenda ikipaki nje, hakuna mtoto atakayefungua mdomo.

Siku hiyo tulitaka kuzungumzia bangi na kubeti. Binti mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono, akasema wanaowasumbua zaidi jioni wakitoka tuisheni ni vijana wetu wa doria, wanawazuia njia na kuwaomba namba za simu, filimbi tulizowanunulia zikiwa shingoni. Mwenyekiti akaangalia dari. Afande akaandika.

Wawili tukawanyang'anya filimbi wiki ile ile. Na sasa jina la mlinzi mpya halipitishwi kabla mabinti wale hawajaulizwa.