Kuku wa bluu hazai bluu tupu

Juzi dada mmoja wa Sakina, Arusha, kanitumia picha ya vifaranga ndani ya boksi na swali moja: "Kaka, nimeibiwa? Wazazi wote bluu, mbona hawa weusi?"

Swali hilo liliwahi kuninyima usingizi. Nafuga Andalusian hapa Pasua, Moshi, kuku wenye asili ya kusini mwa Hispania. Bluu yao ni ya wingu la masika, na kila unyoya una ukingo wa rangi iliyokolea, kana kwamba mtu kauzungushia kalamu. Ndewe nyeupe pe! Nilipowaona mara ya kwanza nilijua nitawafuga.

Mteja akanilipa mapema vifaranga 20 vya bluu, nami nikatumia mayai ya wazazi bluu watupu. Mashine ikatotoa 24: bluu 11, weusi 7, weupe wenye madoa 6. Nilipompelekea nilivyopata, aliniita tapeli mbele ya watu, pale stendi. Nilimrudishia hela yote siku ileile. Neno lile bado linaniuma.

Kumbe bluu ni weusi uliopunguzwa. Kuku akirithi kipunguzi kimoja, yaani kinasaba kinachofifisha weusi, anakuwa bluu, akirithi viwili anakuwa mweupe wa madoa, asiporithi anabaki mweusi. Ndiyo maana bluu kwa bluu hutoa, kwa wastani, nusu bluu, robo weusi, robo madoa. William Bateson wa Uingereza aliwachunguza kuku hawahawa mwanzoni mwa karne ya 20. Mimi somo nimelilipia kwa jina langu.

Kosa kubwa zaidi likafuata: kwa hasira niliwauza weusi na wa madoa wote soko la Mbuyuni kwa bei ya kitoweo. Ndugu yangu, usifanye hivyo! Jogoo mweusi kwa tetea wa madoa, wote Andalusian halisi, vifaranga vyote hutoka bluu. Nilitupa dhahabu.

Chanjo ya kideri usiikose. Mayai mpe tetea wa kienyeji aatamie, hawa si waatamiaji. Na mteja mwambie ukweli wa rangi kabla hujapokea hata shilingi, hata kama atakwenda kwa mwingine. Usiuze usichokielewa. Narudia, mwambie kabla.

Dada wa Sakina, hujaibiwa. Yule wa madoa pembeni ya boksi akija kuwa tetea, niandikie. Safari hii jogoo mweusi ninaye.