Umeokoka, je, umetengeneza?

Barua zimejaa tena, nami nimechukua chache. Wale mnaouliza kama wokovu ni kwa neema au kwa matendo, hilo mlifundishwa kwenye kipaimara na sitalirudia hapa. Kinachonisumbua katika barua za mwezi huu ni kingine. Mtu anaeleza kwa kirefu alivyosali, alivyofunga na alivyotoa, halafu mwishoni kabisa anagusia kwamba kuna mtu anamdai. Mimi huanza kusoma hapo mwishoni.

*Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Natoa zaka kamili tangu mwaka juzi, lakini duka langu halikui. Nakosea wapi? (Mfanyabiashara, Mwanza)*

Amina. Swali hili naletewa kila mwezi, na kila mara mwandishi anataja kiasi cha zaka na kukaa kimya kuhusu mengine yote. Hukunieleza bidhaa zako, mkopo wako, wala kijana anayekuuzia. Duka lisilokua hukaguliwa kwenye daftari. Kaa chini uone mtaji unaliwa wapi kabla hujaanza kukemea mapepo, na usikubali mtu akufundishe kwamba zaka ni mbegu ya kuotesha duka.

Lakini umeuliza unakosea wapi, nami nakuuliza: huyo kijana analipwa tarehe ngapi? Mwezi uliopita mshahara wake ulichelewa siku ngapi, na zaka yako ilichelewa siku ngapi? Yesu aliwaambia Mafarisayo kwamba walilipa zaka hadi ya mnanaa, bizari na jira, wakaacha adili, rehema na imani. Hakuwakataza zaka. Yakobo naye, sura ya 5, anasema ujira wa vibarua uliozuiliwa unapiga kelele, na vilio vyao vimeingia masikioni mwa Bwana. Fikiria maana yake, ndugu yangu. Wewe unasali mbele ya kaunta, kijana wako analia nyuma ya kaunta, na Mungu anawasikia wote wawili. Mlipe kwanza.

*Je, ni dhambi mwanamke kuingia kanisani na suruali?*

Hapana. Avae nguo ya heshima aingie asali. Barua nyingine za suruali sitazijibu.

*Shikamoo mzee. Niliokoka mwaka jana. Kabla ya hapo nilikuwa mtunza stoo wa kampuni ya ujenzi, na kwa miaka mitatu niliuza saruji na nondo zao kwa mlango wa nyuma. Nyumba ninayokaa niliijenga kwa fedha hizo. Kiongozi wangu wa maombi anasema ya kale yamepita, nisijitie hatiani. Lakini silali. (Kijana, Dodoma)*

Marahaba, mwanangu. Anayekunyima usingizi usimfukuze, maana huyo ni Roho Mtakatifu na anakupenda kuliko kiongozi wako wa maombi.

Ni kweli ya kale yamepita, Paulo aliwaandikia Wakorintho hivyo. Lakini saruji haijapita, imo ukutani. Hatia yako mbele za Mungu ilibebwa msalabani na huwezi kuilipia kwa nondo hata moja. Deni la mwenye mali liko palepale, kwa sababu yeye hajalipwa. Hayo ni mambo mawili, na wahubiri wengi siku hizi wanayachanganya kwa makusudi, kwa kuwa mahubiri ya kurudisha hayajazi viti.

Mwangalie Zakayo. Yesu alikuwa ameshaingia nyumbani kwake kabla hajarudisha hata senti, kwa hiyo hakununua wokovu. Ila alipompokea Bwana, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye mfuko: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemnyang'anya anamrudishia mara nne. Torati ilimdai mtu aliyekiri kosa lake alipe kamili na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo hakuuliza kiwango cha chini.

Sisi tuliokulia Kagera tulilelewa na watu wa Uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini kule Rwanda, walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kusali pamoja. Katika miaka ya 1930 moto ule ulitoka Gahini ukaenea Uganda, ukaingia kwetu Buhaya, ukafika Kenya. Hadi leo Tukutendereza Yesu inaimbwa kwenye mikutano yetu, hata na wasiojua Kiganda. Wimbo tumeushika, lakini safari za wale waliouimba kwanza tumeziacha: watu waliobeba vitu vya hospitali, vya shule na vya majirani, wakavirudisha mchana kweupe kwa wenyewe. Walikuwa na neno lao, kutengeneza. Mtu akishuhudia kwamba ameokoka, wazee walimuuliza, "Umetengeneza na nani?"

Baba yangu aliulizwa hivyo. Alikuwa amesogeza mpaka wa kibanja chetu kidogo kidogo kwa miaka, upande wa jirani ambaye hakuwa Mkristo. Nilikuwa na miaka kama tisa nilipomwona aking'oa mimea ya mpaka na kuirudisha nyuma hatua mbili, jirani amesimama anamtazama bila kusema neno. Migomba mitatu ikabaki upande wa jirani, mmoja una mkungu karibu kukomaa. Mama aliuangalia ule mkungu, akaingia ndani kupika. Jirani yule hakuingia kanisani mpaka siku ya kufa kwake. Lakini alipokufa, ukoo wake ulimwita baba awe shahidi wa kugawa mashamba yake.

Sasa wewe. Mwambie mkeo kwanza, kwa sababu nyumba ni yake pia, asije akaisikia habari hii kwa askari. Andika hesabu ya kweli kadiri unavyokumbuka, na pale usipokumbuka kadiria kwa faida ya uliyemwibia. Tafuta ushauri wa mwanasheria, kisha nenda kwa mwenye kampuni ukiwa na mtu mzima wa kanisa unayemwamini. Usinitafute baadaye ukisema sikukuonya: anaweza kukushtaki, na ni haki yake. Anaweza pia kukubali ulipe kwa mafungu, na hapo utalipa miaka mingi bila kunung'unika. Ungama ya kwako, ya wenzako wataungama wenyewe.

Tena nakusihi, usichukue fedha hiyo ukaipeleka madhabahuni kama sadaka ya shukrani. Kanisa halikuibiwa saruji. Kama kampuni ilishafungwa na mwenyewe hapatikani wala hana ndugu, soma Hesabu sura ya 5, halafu uniandikie tena tuone njia.

*Kuna chupa ya mafuta ya upako inauzwa shilingi elfu kumi. Inafanya kazi kweli?*

Yakobo alimwagiza mgonjwa awaite wazee wa kanisa, nao wamwombee na kumpaka mafuta. Wazee ndio wanaotembea, na bei haimo. Chupa yenye bei ni biashara kama biashara nyingine.

Tarehe 1 Februari 2020, Moshi, watu 20 walikufa kwenye msongamano wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Sitawalaumu marehemu wale. Walikuwa na magonjwa ya kweli, madeni ya kweli, watoto wasiopata kazi. Ninajilaumu mimi na wachungaji wenzangu, tuliowaacha miaka mingi bila kuwatembelea mpaka wakaona heri kukanyaga kitu. Na tusijidai kwamba ni mambo ya makanisa mapya tu. Mwaka 2011, kikombe cha dawa cha shilingi 500 kule Samunge, Loliondo, kilitolewa na mchungaji mstaafu wa kanisa langu mimi, la Kilutheri. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, wagonjwa wengine wakafia njiani, na wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wakiamini wameshapona. Unayetumia dawa za hospitali, ziendelee. Kuombewa hakujawahi kudai uache dawa, na anayekuambia uache, mkimbie.

*Mchungaji, mume wangu ni mzee wa kanisa. Jumapili anashika kikombe kwenye Meza ya Bwana, Jumatatu ananipiga. Mwinjilisti wetu ameniambia nivumilie na kumwombea. Nifanyeje? (Mama wa watoto watatu, Iringa)*

Dada yangu, mwombee ukiwa mahali salama. Ondoka na watoto mwende kwa ndugu wanaoweza kuwapokea. Nenda kituo cha polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, upewe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, uende hospitali wakuandike majeraha yako. Kufanya hivyo hakupunguzi imani yako hata kidogo, na mtu asikutishe kwamba unaliaibisha kanisa. Aibu aliileta aliyeinua mkono.

Kwako mwinjilisti, najua unasoma safu hii. Saburi ambayo mitume waliisifu ni ya mtu anayeteswa kwa ajili ya Kristo. Ngumi za mume hazimo. Soma 1 Petro 3:7: waume wawaheshimu wake zao, kusudi kuomba kwao kusizuiliwe. Kwa hiyo huyo mzee anayeongoza sala zenu za Jumapili, Petro anasema sala zake zimezuiliwa, nanyi mnaitikia amina. Msimamisheni uzee. Toba yake msiipokee kwa machozi ya ibada moja. Mpeni muda mrefu, aungame mbele ya mkewe kama mkewe atataka kumsikia, aende polisi akiitwa, na mke asishurutishwe kurudi. Nimeona ndoa za namna hii "zikipatanishwa" kwa sala ya dakika kumi ofisini kwa mchungaji. Mmoja wa wanawake hao nilimzika mimi.

*Kuweka maombi yangu kwenye status ya WhatsApp kila asubuhi ni unafiki?*

Mathayo 6:6. Funga mlango, na simu iache nje.

*Kiongozi wetu ametuamuru tufunge siku saba bila kula wala kunywa, na watoto pia. Nina hofu. (Msomaji, Kilifi)*

Hofu yako ni ya haki. Watoto wapewe chakula na maji leo, sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Wewe unaishi kaunti ambayo mwaka 2023, kwenye msitu wa Shakahola, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa wafunge mpaka wafe ili wamwone Yesu, na wengi walikuwa watoto. Toka kwenye kundi hilo, mwambie chifu na polisi, na wajulishe jamaa za wale mliokuwa nao. Funga aliyoichagua Mungu imeandikwa Isaya 58: kufungua vifungo vya uovu, kuwaacha huru walioonewa, kumgawia mwenye njaa mkate wako. Ukifunga mlo mmoja, chakula chake kimfikie mtu.

*Mgombea mmoja ametupa kwaya yetu sare na spika mpya. Sasa anataka tumwimbie kwenye mkutano wake. Tufanyeje?*

Rudisheni spika. Sare zirudisheni pia, zimefuliwa na kupigwa pasi.

Mtasema ni kitu kidogo. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, mtu wa Uamsho, aliuawa siku chache baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Idi Amin kupinga mauaji. Barua ile iliandikwa na watu ambao midomo yao ilikuwa huru. Siku itakuja ambapo kanisa lenu litatakiwa kumwambia huyo mgombea, akiwa tayari ni mheshimiwa, kwamba ardhi ya wajane haichukuliwi. Mtamwambia kwa spika ipi?

*Baba Mchungaji, zamani nilikuwa nikisali nalia. Tangu Januari namuuguza mama mkwe aliyepooza, namwogesha, namlisha, namgeuza usiku. Nikipiga magoti sisikii chochote, wakati mwingine nasinzia. Kwenye kikundi wenzangu wananena kwa lugha, mimi nakaa kimya. Je, imani yangu ilikuwa ya juujuu tu? (Mama, Bukoba)*

Binti yangu, barua yako nimeisoma mara tatu.

Umechoka. Mwili usiolala tangu Januari hauna machozi ya ziada, na Mungu aliyeuumba anajua. Fungua Zaburi ya 88. Nyingine nyingi zinaanza na kilio na kuishia na sifa, lakini hii inaanza na kilio na kuishia gizani, na kanisa limeiweka katika Biblia kwa ajili ya watu kama wewe. Isome kwa sauti ukiwa umeketi, usipige magoti. Ukishindwa hata hiyo, sali Baba Yetu huku unakamua kitambaa cha kumwogeshea mama. Wala usijipime kwa kelele za wenzako. Hebu waulize ni nani kati yao atakuja kumgeuza mama mkwe Jumanne na Alhamisi usiku ili wewe ulale. Waulize kweli, nakutuma mimi. Mumeo naye aamke, mama ni wake. Na kama baada ya kulala vizuri wiki mbili giza bado ni lilelile, nenda ukamwone daktari, umweleze kama ulivyonieleza mimi.

Niandikie jina la mama mkwe wako, na lako pia, tuyataje kwenye sala ya Jumatano.