Shangazi, mke wangu hanipi sapoti kwenye filamu yangu

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 34, nina mke na watoto wawili, tunaishi Mbagala. Nilikuwa napiga video za harusi na sendofu, nikaacha ili nitengeneze dokumentari yangu mwenyewe kuhusu mafundi wa majahazi, bila bosi wala mfadhili, ndoto yangu ni ifike ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar. Huu ni mwezi wa tatu tangu niwe njiani. Nilianzia Bagamoyo, sasa nipo Tanga, nalala kwa washkaji kubana matumizi. Nikitoka hapa ni Nungwi alafu Lamu. Tatizo mke wangu hana sapoti kabisa. Nikipiga simu ni ada, kodi, na hela ya kikoba chake iliyoingia kwenye kamera, kila Jumamosi wimbo ni huo huo. Hata huku Tanga shemeji, mke wa mshkaji wangu, siku hizi salamu anaitikia puani. Nahisi nimeoa mtu asiyeelewa sanaa. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Pole na safari, kulala kwenye kochi la watu sio raha, shingo inauma na asubuhi lazima useme umelala vizuri. Pole yangu imeishia hapo.

Maana barua yako nimeisoma mara mbili. Kwenye ndoto umeenda taratibu, ila lile la kamera umelipitia mbio mbio kama mtu anaepita mbele ya duka analodaiwa. Eti hela ya kikoba "iliyoingia" kwenye kamera. Iliingia vipi, ilikuwa na miguu? Sema mkeo alikopa kwa jina lake, wenzie wakamdhamini, ukanunua kamera ukaondoka nayo. Sasa kila Jumamosi anakaa kwenye kikao mbele ya wanawake wenzie rejesho hana, na wewe unajua kwenye vikoba mmoja asipoleta wenzie ndio wanabeba, kwaiyo anaangaliwa hivyo, anasemwa hivyo, anarudi nyumbani mtoto nae kafukuzwa ada, wewe uko Tanga unapiga picha machweo. Sapoti gani nyingine unataka baba? Wenzio kwenye filamu zao mtoa hela jina lake linatangulia, wewe wako umemwandika asiyeelewa sanaa.

Tuje kwa huyo shemeji wa Tanga. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hilo unalijua, na wewe jembe ulishalipita zamani. Mshkaji wako anakwambia kaa tu mwanangu hapa kwenu, na atasema hivyo mpaka mwakani, kwasababu sio yeye anaeongeza mchele kwenye sufuria, na sio yeye anaejitanda khanga gubigubi saa nane usiku kwenda chooni ndani ya nyumba yake mwenyewe maana sebuleni kuna mwanaume kalala. Hana shida na sanaa yako yule dada, kachoka. Tanga hapo, ulishawahi hata kurudi na fungu la samaki?

Kwa hesabu yangu filamu yako ina wafadhili wawili, wote wanawake, na wote wawili umekuja kuwashtaki kwangu.

Na sio wewe tu. Ndoa za siku hizi kila mtu ana ndoto yake na anataka mwenzie aibebe, na wanawake siwaachi, kuna anaefunguliwa saluni kwa hela ya mume alafu akiulizwa mauzo anasema anabanwa. Kila mtu anapambania maono yake, kodi ya nyumba hakuna alieiota. Mkioana watu wawili wenye maono na hakuna wa kununua unga, mtakula maono.

Kinachonichekesha ni kwamba unapiga filamu ya majahazi. Hebu zima kamera uwaulize hao wazee. Baharia wa zamani alikuwa anaondoka na kusi anarudi na kaskazi, mkewe anajua upepo ukigeuka aanze kuangalia bahari, na kabla hajang'oa nanga kaacha masurufu. Sisemi walikuwa malaika, wengine walioa huko huko. Ila msimu wa kurudi ulijulikana. Wewe wako ni lini? Kwenye barua haupo.

Na kingine ambacho hakipo ni kibali. Bara kuna Bodi ya Filamu, ukivuka kwenda Nungwi Zanzibar wana baraza lao la sanaa na filamu, BASSFU, Lamu ndio nchi nyingine kabisa na taratibu zake. Hela ya hayo yote unayo au utapiga simu Mbagala? Na picha za Bagamoyo umeshaziediti hata dakika kumi, au ziko zote kwenye diski moja ndani ya begi unalolalia?

Mimi naona urudi. Filamu usiiache, majahazi hayo ni kitu kizuri na wazee wanaondoka na ujuzi wao, hapo nakuunga mkono. Lakini ZIFF ipo toka 1998, haitahama ukichelewa mwaka. Rudi upige harusi za watu, ulipe rejesho, ukate kipande cha dakika kumi na wa kwanza kukiona awe mama watoto. Kaeni na karatasi: Nungwi siku ngapi, shilingi ngapi, unarudi lini, nyumbani unaacha nini. Na kipande hicho ndio utembee nacho, Mfuko wa Utamaduni na Sanaa wanakopesha wasanii, kakope kwa jina lako wewe.

Kabla hujapanda basi mnunulie shemeji mchele na samaki, mpe yeye mkononi, sio mumewe. Na ujitahidi ufike kabla ya Jumamosi, kwenye kikao cha kikoba uende wewe.