Asiyesali anaweza kushika ufunguo wa sanduku? Jibu langu kwa mleta mada

Mleta mada, nimekusoma. Kikoba chenu hapo Ngaramtoni kinatafuta mweka hazina, na anayejua hesabu kuliko wote ni jamaa ambaye haendi kanisani wala msikitini, na anasema wazi haamini kuna Mungu. Wenzako wanadai asiye na Mungu hana cha kumzuia kuiba, ndiyo maana umeuliza: wema unatokana na amri ya Mungu, au upo wenyewe hata asipoamuru mtu? Wengi hapo juu wamekurushia mistari wakaondoka. Mimi niko Moshi, ni katibu wa kikoba chenye Walutheri, Wakatoliki (nikiwemo) na Waislamu, na nitakujibu kwa jambo lililotupata.

Mwenzetu mmoja, mama anayeuza ndizi Kiboroloni, alikopa laki sita. Rejesho la kwanza alileta bila shida. Halafu akaanza mikesha kwa nabii fulani (simtaji, hata mkinifuata pembeni), akaambiwa apande mbegu, yaani atoe sadaka ili abarikiwe, akapanda hela ya rejesho. Siku ya kikao akasimama, kipochi kimebanwa kwapani, akasema: "Ndugu zangu, Mungu amesema nami. Deni langu limefutwa." Akakaa. Mimi nimeandika mihtasari ya kikoba muda mrefu, visingizio navijua. Mwenye kudanganya huleta hadithi ndefu yenye mgonjwa ndani. Huyu mama alikuwa anaamini anachosema.

Mwenyekiti wetu ni mzee wa kanisa, Ulutheri kaurithi kwa babu. Akamwambia, "Mama, Mungu hawezi kusema hivyo. Hiyo hela ni jasho la hawa waliokaa hapa." Ustadhi wetu, fundi cherehani, akadakia: "Hawezi, dada yangu. Haki ya mja haifutwi mpaka mja mwenyewe asamehe." Hakuna aliyefungua kitabu. Aya zilikuja baadaye, kama mashahidi wanaotafutwa wakati hukumu imeshasomwa. Mama aliongezewa muda, akalipa, yakaisha.

Kwangu hayakuisha. Watu wale wale ukiwauliza siku nyingine yoyote watakuapia kwamba jema ni lile aliloamuru Mungu, basi. Lakini mama alipowaletea amri, waliikagua kwanza. Wakaona ndani yake mna dhuluma, wakahitimisha kwamba haikutoka kwa Mungu. Maana yake walishajua dhuluma ni nini kabla ya kujua Mungu amesema nini kuhusu laki sita za kikoba. Na ustadhi baadaye akanionyesha katika Kurani sura ya Al-A'raf aya ya 28, inayowajibu watu waliofanya machafu wakadai Mungu ndiye kawaamrisha: Mwenyezi Mungu haamrishi machafu. Soma vizuri hapo. Aya inamtaka msikilizaji awe na fununu tayari ya lipi ni chafu, la sivyo asingepata kitu cha kushika.

Swali lenyewe ni la kale. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita aliandika mazungumzo ya mwalimu wake Socrates na mtu aitwaye Euthyphro, aliyekuwa anamshitaki baba yake mzazi kwa kifo cha kibarua, huku ana uhakika kabisa kwamba miungu iko upande wake. Socrates akamuuliza: jambo ni takatifu kwa kuwa miungu inalipenda, au inalipenda kwa kuwa ni takatifu? Jamaa akazunguka zunguka, mwisho akasema ana haraka.

Waislamu nao walilichambua kweli kweli. Mu'tazila wa Basra, kundi la wanazuoni wa zamani huko Iraki, walisema akili inajua kuwa dhuluma ni mbaya hata kabla ya wahyi, yaani ufunuo wa Mungu. Abu'l-Hasan al-Ash'ari, aliyekuwa mwanafunzi wao, akawaacha na kusema kinyume: zuri ni lile sharia imeliita zuri. Ustadhi wetu yuko upande huo, na alinitetea hoja yake huku anapiga pasi suruali ya mteja. Alisema akili inajua faida na hasara, inajua laki sita zikipotea kikoba kinakufa. Lakini kwamba anayezila anastahili adhabu mbele ya Mola, hilo akili peke yake haifiki. Ni hoja nzito, wale wanaoicheka hapo juu hawajaielewa. Shida yangu ni moja tu: kama wema ni amri tupu, basi nikisema "Mungu ni mwema" nimesema tu kwamba Mungu hufanya apendalo. Hapo sijamsifu. Abrahamu katika Mwanzo 18 hakuongea hivyo. Alisimama mbele ya Mungu akauliza kama Mhukumu wa dunia yote hatatenda haki, akaanza kupatana naye kuanzia watu hamsini hadi kumi. (Najua mtaniletea Mwanzo 22, Abrahamu alipoamriwa amtoe mwanawe sadaka, na kisu juu ya Isaka. Leteni, ila msiifiche sura ya 18.)

Paroko mmoja aliniambia niache kuchagua kati ya hayo mawili: wema si amri ya Mungu wala haukai nje yake, ndivyo Mungu alivyo. Hilo nalikubali zaidi ya yote. Ila angalia linakopeleka: kama wema ni alivyo Mungu na ametuumba tukiwa na mwanga wake, basi hata asiyemjua anauona. Paulo ameandika hivyo hivyo katika Warumi 2, kuhusu mataifa wasio na sheria.

Kuna aliyeandika kwamba huku mlimani Kilimanjaro kabla ya injili watu waliishi kama wanyama. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika 1893 wakakuta mifongo, ile mifereji ya Wachagga, inateremsha maji hadi vihambani, kwenye mashamba ya migomba, kila ukoo na zamu yake, na anayeziba usiku kwa mgomba na tope ili avute maji kwake anatozwa mbege (pombe ya ndizi) au mbuzi. Wazee wale walikuwa na Ruwa, Mungu wa Wachagga, na waliogopa mizimu, sikatai. Lakini zamu ya maji waliipanga wao wenyewe, wakijua aliye chini naye ana migomba.

Sasa turudi kwa mtu wenu. Wenzako wamechanganya maswali mawili: wema unatoka wapi, na nini kinamfanya mtu aushike. Hofu ya Mungu inasaidia kwenye la pili, mimi mwenyewe inanisaidia. Lakini angalieni sanduku lenu. Letu lina kufuli tatu na washika funguo watatu, wote wacha Mungu, na kila kikao hela inahesabiwa mezani mbele ya watu. Hakuna aliyesema kufuli zinawatukana.

Ulizeni anakopa wapi na analipaje. Ulizeni majirani zake. Kama ni safi mpeni daftari, na funguo wapewe watu watatu wasio ndugu zake. Akija kugombea mchungaji, fanyeni hivyo hivyo.