Mtoto wa gredi ya 4 haoni ubaoni, mwalimu anataka arudie darasa

Dada, usikubali arudie kabla hajapimwa. Kushindwa kusoma ubao si kukosa akili, na kurudia hakutamwongezea uoni. Anza kliniki ya macho, hospitali ya Kenyatta au ya Kikuyu, umwombe daktari aandike kiwango cha uoni akiwa amevaa miwani. Ripoti hiyo ipeleke KISE, taasisi ya elimu maalum iliyo Kasarani, Nairobi, afanyiwe tathmini ya kielimu. Shule ipe nakala. Ya asili ubaki nayo.

Darasani, mwanga wa dirisha utoke ubavuni au nyuma yake, usimpige usoni. Kuketi mbele pekee hakutoshi: mwalimu asome kwa sauti kila anachoandika. Kukuza karatasi ya A4 iwe A3 hufanya herufi za ukubwa wa pointi 12 ziwe 17 hivi, na wengi wenye uoni hafifu huhitaji 18 au zaidi, kwa hivyo afadhali zichapishwe upya. Mtoto aandike kwa kalamu nyeusi nzito. Penseli hufifia machoni.

Karatasi za maandishi makubwa za mtihani wa gredi ya 6 huombwa KNEC, baraza la mitihani, na shule ndiyo huomba, wakati wa usajili. Wazazi wengi hukwama hapo: ripoti iko kabatini nyumbani, usajili umefungwa. Mkumbushe mwalimu mkuu tangu muhula wa kwanza.